Injini Juu ya Kanga ya Mwajuma

Siku ya kuniaga pale karakana mlinipa kipaza sauti mkataka nasaha. Nikasema asanteni, nikakaa, kwa sababu soda yangu ilikuwa inapata moto na mimi kusimama mbele za watu kunanitia jasho. Wiki iliyofuata mmoja wenu akanifuata mpaka nyumbani. "Mzee Shomari," akasema, "basi tuandikie, maana mdomo umegoma." Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara waulizeni waliovipata. Mimi nitawaeleza woga. Huo ninao wa kutosha, na ndio ulionilisha miaka yote.

Mwenzenu ni mtu wa ndani. Kazi ikiisha nilikuwa kwangu Kariakoo, mlango nimerudishia, chai ipo. Mpira sikwenda, dansi sikwenda. Wenzangu wa zamani wakaniita Mwali. Mtu akija karakana jioni kunitafuta, alijibiwa: "Mwali kesharudi ndani. Mfuate, ila usiende mikono mitupu, nenda na posa."

Nilipomaliza kidato cha nne nilidhani nchi nzima inanisubiri nikakae mezani nigonge mihuri. Nikapelekwa kwenye mafuta machafu, chini ya Mzee Namwata, fundi wa injini kutoka kusini, mtu mfupi mwenye mikono kama makoleo. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya injini iliyovuliwa kichwa. Nikanyoosha mkono kuchukua spana.

"Wewe Fomu Foo, kabla ya spana leta kitambaa."

"Cha kufutia, mzee?"

"Cha kuzibia. Injini ina mdomo. Ukiuacha wazi unameza."

Halafu akachukua nati ndogo, akaiachia kwa makusudi ndani ya ule mdomo, tukaisikia inavyogonga huko chini. "Itafute," akasema, akaenda kunywa kahawa. Niliihangaikia ile nati mpaka wenzangu wakanawa mikono kutaka kuondoka. Nilipoipata, Mzee Namwata aliitazama, akanitazama na mimi.

"Sasa unaogopa?"

"Naogopa, mzee."

"Basi umeajiriwa."

Yeye alifundisha kupanga vyuma juu ya gunia kwa mpangilio wa kuvitoa, ili kurudisha kuwe ni kurudi njia uliyojia. Gunia mimi sikuwa nalo nyumbani. Nilikuwa na kanga za mke wangu Mwajuma. Nawaambieni, kwa kufungulia injini hakuna kitu kama kanga. Ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ina jina lake, yale maandishi. Bolti za nje nilizipanga kwenye pindo, gia nikaziweka mjini, na vidude vidogo, washa, yaani vile visahani vyembamba vyenye tundu, na klipu, nikavilaza juu ya maandishi, kimoja kila herufi. Ukitaka kurudisha unasoma tu. Mwajuma alilalamika, lakini alilalamika akiwa amekaa pembeni anatazama, na malalamiko ya namna hiyo unaweza kuishi nayo.

Sasa niwafikishe kwenye pikipiki.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na spea hata foleni haikuwapo. Jumapili ikishapita saa nane mchana magari hayakuruhusiwa barabarani, kuokoa mafuta, na mji ulinyamaza mpaka unasikia kuku wa mtaa wa pili. Isitoshe kulikuwa na msako wa walanguzi na watu wa magendo. Ukikutwa na kitu ndani bila risiti, uliulizwa umekipata wapi, na jibu lolote ulilotoa halikutosha. Watu walikuwa wanatupa hata vitu vyao halali.

Jumamosi mchana, nimetoka kazini, nikasikia hodi. Ni Sadiki, Bwana Afya, rafiki yangu tangu shuleni. Kila Jumatatu alfajiri alivuka Magogoni na pikipiki ya idara kwenda kuchanja watoto vijiji vya ng'ambo. Ilikuwa pikipiki ya porini, matairi yenye meno, madigadi ya mbele yamenyanyuliwa juu kama mtu anayeogopa kulowesha suruali.

"Mwali, nimekuletea mgonjwa. Nimemsukuma kutoka Mnazi Mmoja."

"Mpeleke karakana yenu."

"Wameniambia nisubiri meli ya spea."

"Meli gani?"

"Hata wao hawaijui jina."

"Na mkubwa wako anajua kwamba umeileta hapa?"

"Ruhusa ninayo."

"Iko wapi?"

"Ya mdomo."

Vijana, ruhusa ya mdomo ni nzuri mpaka siku mdomo wenyewe utakapoulizwa. Nilitaka kumkatalia. Lakini akaniambia surua imeingia huko ng'ambo, na Jumatatu akina mama watatembea na watoto mgongoni mpaka mahali pa chanjo, wamkute au wasimkute. Halafu kukataa kunahitaji ujasiri, na mimi sina. Tukaiingiza uani.

Pistoni na ringi alikuwa keshazipata sokoni, kwa mtu anayeuza dagaa. Zilikuwa chini ya dagaa wenyewe. Risiti, bila shaka, haikuwapo. Nilizipokea kama mtu anayepokea nyoka kwenye kikapu.

Nikashusha injini, tukaibeba mpaka chumbani, nikatandika kanga sakafuni. Kichwa, nikalegeza nati kwa kuvuka msalaba, moja huku, nyingine kule, msizimalize upande mmoja, kichwa kitapinda. Silinda ikatoka. Ringi ya juu ilikuwa imevunjika, na kipande kimoja hakipo. Nikakaa kitako. Kipande kisipokuwapo juu, kiko chini, na cha chini hukifikii mpaka uipasue injini tumbo, nusu mbili, krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, na gia zote zitoke nje. Nikazitoa. Kipande nilikikuta kimejificha nyuma ya beringi. Jioni ile sakafu yangu ilikuwa na injini nzima ya serikali, imelala chali juu ya kanga, haina hata chuma kimoja kilichoshikana na kingine. Tukala ukumbini, maana chumbani hapakuwa na pa kuweka sahani.

Jumapili asubuhi nilitoka kutafuta mafuta ya taa ya kuoshea vyuma. Mara moja katika mwezi natoka ndani kwa hiari yangu, angalieni kilichotokea.

Nikiwa kwenye foleni nikasikia: "Wanapita nyumba kwa nyumba!" Wakataja mtaa. Mtaa wangu. Niliacha foleni, nikaacha na dumu. Kukimbia ni kujitangaza, kwa hiyo nilitembea.

Nyumba yetu ilikuwa ya Bi Mwanahawa, mama wa kipwani, vyumba sita na ukumbi katikati. Nilipofika, mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kusimama barazani na wageni wawili wenye sare ya shati la kaki. Barazani wamekaa wapangaji. Mama Stela, mshonaji wa chumba cha mbele, alikuwa na mtoto mgongoni.

Sasa, Mama Stela hakuwa na mtoto mchanga. Stela mwenyewe alikuwa darasa la tano.

Mmoja wa wale wageni akamtazama. "Mtoto vipi mama, mbona kimya?"

"Kalala, ndugu yangu. Kasumbua sana."

"Wa kiume?"

"Wa kiume. Mzito kama baba yake."

Nikaona chini ya mbeleko ncha ya chuma inang'aa. Ni krenki yangu. Halafu nikaona tone jeusi la oili linateremka taratibu kwenye shavu la mguu wake mpaka kisigino. Mama Stela naye alilisikia. Akapandisha mguu wa pili juu ya ule wa kwanza, akajikuna, akaendelea kutabasamu.

Pembeni, mpangaji mwenzangu Mzee Kondo na rafiki yake walikuwa wanacheza bao. Yule mgeni wa pili akainama.

"Kete za chuma siku hizi?"

Nilizitambua moja moja. Nati za silinda, nati za kichwa.

"Komwe zimeadimika kama sukari, mwanangu," akasema Mzee Kondo bila kuinua macho. "Unacheza au unatazama?"

Yule bwana akakaa akacheza! Vijana, nimewahi kukaa chini ya lori lililowekwa juu ya jeki mbovu, sikuogopa kama siku ile nilivyomtazama mtu wa msako akitembeza nati zangu kwenye mashimo, anazikusanya kiganjani, anazichezesha. Akamla Mzee Kondo safu nzima ya mbele. Akasimama na nati mkononi, akakumbuka, akazirudisha. "Mzee umeishiwa," akamwambia. Mzee Kondo akaomba radhi kwa uzee.

Wakaingia ndani. Chumbani kwangu sakafu ilikuwa tupu, imefagiliwa, imemwagiwa maji. Wakainua godoro. Wakafunua chungu. Jikoni maharage yalikuwa yanachemka, mmoja akanusa, akafunika. Baadaye nilikuja kujua gia zote zilikuwa humo. Wakafika mlango wa uani. Kule ilikuwapo pikipiki, na namba zake za serikali, na juu yake zimeanikwa nguo kutoka usukani mpaka taa ya nyuma, ikiwemo kanga ya Mwajuma inayodondosha maji.

Mjumbe akatangulia, akasimama mlangoni. Alikuwa mtu mzima, mkali, aliyenitia hofu hata siku za kawaida. Akatazama zile nguo kwa muda. Akakohoa.

"Uani ni kwa akina mama, ndugu zangu. Wameanika nguo zao za ndani. Si vizuri."

Wakaona haya, wakageuka. Walipotangulia nje, mjumbe akanisogelea sikioni.

"Shomari, leo Jumapili. Baada ya saa nane sitaki kusikia hata kikohozi cha chuma katika nyumba zangu."

"Shikamoo, mjumbe," ndilo jibu pekee lililonitoka. Hakuitikia.

Nilimkuta Mwajuma amekaa kitandani.

"Walisema wamefika nyumba ya tatu, ningefanyaje? Bi Mwanahawa akasema tugawane, kila mtu afiche chake."

"Na kanga?"

"Ilikuwa na oili tupu. Nikaifua."

"Mwajuma, ile ilikuwa ramani."

"Ilikuwa kanga yangu."

Nikaenda kutafuta mkeka.

Basi wapangaji wakaanza kuleta. Pistoni ikatoka kwenye unga. Sahani za klachi zikatoka kwenye majivu. Gia zikaopolewa na upawa, zina moto, zina maharage katikati ya meno. Mama Stela akajifungua krenki, na Bi Mwanahawa akapiga kigelegele kidogo, wote wakacheka isipokuwa mimi. Kwa wema wao, kila mtu alileta na kila chuma alichokiona karibu: skrubu za cherehani, komeo, kishikizo cha sufuria. Vitu vilirudi vingi kuliko vilivyotoka.

Nikavipanga juu ya mkeka mtupu, nikajaribu kukumbuka herufi. Vyuma vikubwa havina shida, kila kimoja kinajua mwenzake. Washa ndizo zinazosumbua. Washa nyembamba hukaa ubavuni mwa gia. Ukiisahau, gia inacheza, siku moja inauma ya jirani yake. Nikaosha kwa mafuta ya taa aliyonipa Bi Mwanahawa, nikafunga, nikaziba mdomo kwa kitambaa, nikapaka oili. Gasketi, ile ya kuzuia oili isivuje, nilikata kwa mkasi kutoka kwenye jalada gumu la daftari, hilo moja tu lililokuwapo, na nikafunga nusu mbili za tumbo zikashikana juu yake. Gasketi ya namna hiyo ukishaibana hufungui tena. Inachanika.

Sadiki alipokuja, injini ilikuwa imerudi kwenye pikipiki na saa nane imepita. Nje kimya. Hakuna gari, hakuna honi, mikokoteni peke yake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa natazama kiganja changu. Humo ilikuwamo washa moja nyembamba.

"Hiyo ya wapi?" akauliza.

"Ndilo swali."

Niliizungusha nyumba nzima. Mama Stela akasema cherehani yake nzima. Mzee Kondo akasema labda ya baiskeli, lakini hana baiskeli. Bi Mwanahawa akasema, "Itunze, baba, itakufaa."

"Kama ni ya injini, itakuwaje?" Sadiki akauliza.

"Huenda isiwe kitu. Huenda gia zikakamatana."

"Na zikikamatana nikiwa kwenye mwendo?"

"Tairi la nyuma linasimama. Wewe husimami."

Nikamwambia nipe siku mbili, nitafute jalada jingine, niifungue. Akatikisa kichwa. "Jumatatu haina mbili. Watakuwa wameshafika wale." Kuiwasha tuisikie hatukuweza, mjumbe alikuwa amekaa kwenye kona ya mtaa na kanzu yake nyeupe. Basi nikamfundisha kitu kimoja, na hiki mkichukue hata mkiacha mengine yote: usipoiamini injini, vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote. Ukisikia inaguna tu, kamata. Nikamtaka arudie mbele yangu mpaka akaudhika.

Alfajiri ya Jumatatu akapiga kiki mara mbili, kimya. Ya tatu ikawaka, ikajaza uani moshi. Nilisikiliza kama daktari. Ilisikika vizuri, na hilo likanitisha zaidi, maana injini mbovu inayolalamika angalau inakuambia. Akafunga masanduku yake ya barafu, akaondoka. Nilisimama barazani mpaka mlio ukaisha upande wa Magogoni.

Kazini nilimwonyesha Mzee Namwata ile washa. Akaigeuza, akaipima kwa ukucha, akaipeleka kwenye mwanga.

"Inaweza kuwa ya injini," akasema. "Inaweza kuwa ya mlango."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Ogopa."

Niliogopa mpaka jioni. Kila mtu aliyeingia pale getini nilidhani anakuja na habari. Tulipotoka kazini miguu haikuelekea nyumbani. Wenzangu wakanipigia miluzi: "Mwali kapotea njia!" Nikafika Magogoni, nikasimama kwenye umati, jambo ambalo kwa kawaida nisingelifanya hata kwa kulipwa. Pantoni la kwanza likaja, likamwaga watu, matenga ya samaki, baiskeli. Sadiki hayumo. La pili, hayumo. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mama yake. Nilikuwa nimefika kwenye "mama, kazi ya Mungu" pantoni la tatu lilipofika, watu wakateremka, na mwisho kabisa nikamwona. Ana matope mpaka kwenye nyusi. Anaisukuma pikipiki.

Anaisukuma.

"Imekufa wapi?" nikamkimbilia.

"Imekufa nani?"

"Mbona unaisukuma?"

"Kwenye pantoni si wanataka uzime? Na watu hawa wote nipande nimkanyage nani? Mwali, umefuata nini huku?"

"Ilikamata?"

"Haijakamata. Masanduku yamerudi matupu, watoto wamelia mpaka nimekuwa kiziwi. Vidole ndivyo vimekufa ganzi, kwa ile klachi yako."

Sikumwamini. Alikuwa mtu wa kunificha jambo nisijisikie vibaya. Akaona. Akashusha stendi, akaisimamisha pale pembeni ya barabara, akaniachia usukani.

"Haya, fundi. Washa wewe."

Nikaweka mguu juu ya kiki. Mguu ukakataa. Nikauweka tena. Watu walikuwa wanapita, wengine wamesimama kutazama. Nikafumba macho, nikakanyaga. Ikawaka mara ya kwanza, ikatulia inaunguruma taratibu, safi, haina hata mkwaruzo.

Nikaizima haraka. Nikamwambia Sadiki ashike upande wa pili, tuisukume tu mpaka nyumbani.